Nguzo Hufia Shingoni: Kuchagua na Kusimika Nguzo za Uzio Kwenye Tope na Maji Mafupi

Msimu wa tatu tangu nizungushie uzio shamba langu la mpunga katika bonde la mto Luiche, karibu na Ujiji, ng'ombe wa jirani alijikuna kwenye nguzo ya kona na upande mzima ukalala majini. Zilikuwa nguzo za mkaratusi, nene na zilizonyooka, na aliyeniuzia aliniapia kwamba zitanizika. Nilichukua jembe nikachimbua kipande kilichobaki ardhini. Kilitoka kizima, kigumu, kinanuka tope, gome la chini bado limeshika. Kipande cha juu nacho kilikuwa kikavu na kizima, kingeweza kuezekea banda. Lakini katikati, pale usawa wa ardhi, urefu wa kiganja hivi, mti ulikuwa laini kama mkate uliolowa. Nilibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama.

Nilikipeleka kipande hicho kwa mzee mmoja anayetengeneza mitumbwi pale Kibirizi. Nilimwamkia, akaitikia, akakigeuza mikononi bila haraka. "Mwanangu," akasema, "mti unaulaumu bure. Umeliwa hapa, maji yanapokutana na upepo. Kwingine kote ni mzima." Tangu siku hiyo kila nguzo ninayonunua naitazama kwa jicho moja tu: shingo yake, yaani pale maji yanapokutana na upepo, itakaa wapi, na itahimili nini hapo. Mengine yote yaliyomo humu yanatoka kwenye swali hilo.

Hatua ya kwanza: tafuta shingo ilipo

Maji peke yake hayaozeshi mti. Kinachoula ni kuvu, na kuvu huhitaji vitu vinne kwa pamoja: chakula, ambacho ni mti wenyewe, joto, ambalo Kigoma tunalo mwaka mzima, unyevu, na hewa. Mti ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20 kuvu haiuwezi. Mti uliozama moja kwa moja haupati hewa, kwa hiyo huoza polepole mno. Balaa liko katikati, kwenye shingo, ambako unyevu upo na hewa ipo. Mchwa nao hawakai kwenye udongo uliojaa maji, ila kiangazi mbuga, yaani udongo mweusi wa bondeni, ikipasuka hurudi, na wakirudi huanzia hapohapo.

Sasa, kwenye ardhi kavu shingo iko mahali pamoja. Kwetu mabondeni inahama. Ziwa Tanganyika hupanda hadi kilele chake mwezi wa Aprili au Mei, kisha hushuka hadi Oktoba au Novemba, na juu ya mwendo huo wa kila mwaka kuna miaka ambayo ziwa zima linapanda, kama tulivyoona kuanzia 2020 maji yalipoingia kwenye nyumba na mashamba ya kando. Na huweza kurudi nyuma vilevile: nenda Ujiji ukasimame kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapo 1871, uone umbali uliopo leo kati ya jiwe lile na maji. Anayejenga kando ya ziwa hili akidhani ukingo utabaki ulipo, atakuwa anajenga mara mbili.

Kwa hiyo pita kwenye mstari wa uzio mara mbili kabla hujanunua chochote, mara moja masika na mara moja kiangazi. Ukiwa huna subira ya miezi sita, tafuta alama: mstari wa tope kwenye mashina ya miti, takataka zilizonasa kwenye matete, rangi ya ukuta wa banda la jirani. Waulize pia akina mama wanaolima majaruba ya karibu, maana wao huingia majini kila siku na wanajua yalifika wapi. Piga mambo, vigingi vidogo, ugawe mstari wako sehemu tatu: panapokauka muda wote, panapolowa na kukauka, na panapokaa maji mwaka mzima. Pesa yako iweke kwenye ile ya kati. Watu wengi hufanya kinyume: hununua nguzo bora kwa ajili ya majini kwa sababu wanayaogopa maji, na kwenye tope la msimu huweka chochote.

Kisha pima ugumu wa chini. Chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 2, isukume kwa mikono. Kina inachozama bila kupigwa ni tope, na tope halishiki nguzo. Andika kipimo hicho kwa kila sehemu, utakihitaji kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme maji ya masika ni sentimita 50, tope ni sentimita 40, na uzio unataka uonekane sentimita 120 juu ya maji. Nguzo lazima iingie kwenye udongo mgumu angalau sentimita 70. Jumla ni mita 2.8. Nguzo ya mita 2.1 inayouzwa kila mahali haitafaa hapo hata ingekuwa ya mpingo. Wengi wanaosema nguzo yao imeoza, ukiwachunguza utakuta ilianza kwa kuegama kwa sababu ilikuwa fupi.

Kabla hujaenda mbali, jambo la sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa la kuhifadhia maji. Kwa hiyo maji mafupi ninayoyazungumzia hapa ni ya bwawa lako la samaki, majaruba, mifereji, na mafuriko yanayoingia shambani. Kama mstari wako unakaribia ziwa au mto wenyewe, fika kwanza ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika pale Kigoma na kwa afisa mazingira wa halmashauri. Kung'oa uzio uliokwisha kujengwa kunauma kuliko kusubiri kibali.

Hatua ya pili: chagua mti kwa kiini chake

Kata mti wowote uliokomaa uangalie kichwa chake. Ndani kuna kiini, chenye rangi iliyokolea. Nje kuna pete nyeupe au ya njano hafifu. Uimara wote wa mti uko kwenye kiini, na ile pete nyeupe huoza haraka hata kwenye miti tunayoiita ya chuma. Ndiyo maana nguzo nyembamba ya mninga mchanga, ambayo karibu yote ni weupe, inaweza kuoza mapema kuliko unavyotarajia, na mwenye nayo akabaki anautukana mninga.

Kati ya miti ya miombo ya Kigoma na Tabora, inayosimama vizuri kwenye unyevu ni mbanga, mninga, mkongo (wengine huuita mkora), na mpingo. Mvule pia ni mzuri. Mbanga ndio ningeuchagua wa kwanza: ni mzito, kiini chake kina rangi ya kahawia, kuvu na mchwa wote huushindwa, na hauwindwi na maseremala kama mninga. Mpingo ni mgumu kuliko yote lakini hukua taratibu mno, na kuuzika kwenye tope ili ushike seng'enge naona ni kuufuja. Mtundu, ingawa umejaa misituni kwetu, haufai kwa kazi hii.

Miti hiyo yote ya asili inahitaji kibali. Nunua kwa mtu mwenye risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Bila hati, mzigo ukikamatwa kizuizini wewe ndiye utakayepoteza, na misitu yetu nayo inazidi kuisha.

Msaji, yaani mtiki, ni mzuri ukiwa umekomaa na kiini chake kimejaa. Ule wa miaka michache unaopunguzwa mashambani una kiini kidogo kama shilingi, huo uache. Mkaratusi usio na dawa hautegemeki kwenye shingo, kama nilivyolipia mimi. Msonobari na mgrivea ni vivyo hivyo au chini ya hapo. Mianzi ardhini haimalizi miaka mingi, itumie kwa fito za juu.

Nataka nikae kidogo kwenye mvumo, mti wa jamii ya minazi, kwa sababu watu wameusahau. Gamba la nje la shina la mvumo uliokomaa ni zito, jeusi lenye nyuzi, na mchwa na kuvu huliacha. Huko nyuma watu waliutumia kwa madaraja na nguzo za majini. Katikati ya shina ni laini na haifai kitu, kwa hiyo shina hupasuliwa kwa urefu na moyo wake kuchongwa utoke. Usiuchanganye na mchikichi, ambao shina lake huoza upesi sana. Lakini mvumo huchukua miaka mingi kukomaa, basi ukikata mmoja uliokwisha kuzeeka, panda mbegu zake kadhaa hapohapo bondeni.

Hatua ya tatu: namna ya kuikagua nguzo kwa muuzaji

Usichague kwa kutazama ubavu. Ubavu humdanganya mtu. Nenda kwenye kichwa cha nguzo na ufanye haya kwa utulivu, hata kama muuzaji anakuharakisha.

Paka mate au maji kwenye kichwa ili rangi ijitokeze. Pima kwa kidole: kiini kinachukua sehemu gani? Kwa nguzo ya asili isiyo na dawa nataka angalau robo tatu ya upana iwe kiini. Kisha inyanyue upande mmoja. Mti mzuri mkavu una uzito unaoeleweka. Ukiona ni mwepesi kuliko unene wake, kuna kitu ndani. Igonge kwa nyuma ya panga: sauti kavu inayolia ni nzuri, sauti ya bubu ni maji au uozo. Tazama nyufa. Nyufa ndogo za kukauka hazina neno, ila ufa unaoingia hadi moyoni na kushuka sentimita 40 utakuwa mfereji wa maji. Tazama pia vitundu vya wadudu na unga mweupe unaotoka humo.

Kama unanunua nguzo yenye dawa, kanuni inageuka. Dawa huingia kwenye ile pete nyeupe tu, kiini huikataa. Kwa hiyo nguzo ya mkaratusi ya kutiwa dawa inapaswa iwe ya mviringo, na weupe wake wote uwepo, usichongwe. Ile ya kijani imetiwa mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki kwa mgandamizo mkubwa ndani ya tangi la chuma, kiwandani. Kuna wanaopaka rangi ya kijani kwa brashi na kuuza kwa jina hilohilo. Mwombe muuzaji akate moja mbele yako, hata kama utailipia. Ukikuta kijani kimeingia milimita mbili tatu tu, ondoka. Kama mzigo umeandikwa kwa madaraja ya Afrika Kusini, H4 ni ya ardhi ya kawaida na H5 ndiyo ya ardhi iliyolowa na ya ndani ya maji yasiyo na chumvi. Kwa kazi yetu tafuta H5.

Na ukishainunua usikate mguu wake. Ukiikata, umefungua mlango kwenye sehemu isiyo na dawa. Kama ni ndefu, punguza kichwa.

Aseniki ni sumu. Mabaki ya nguzo hizo yasichomwe, yasipikiwe, wala yasitengenezewe kihori cha mifugo. Zianikwe zikauke kabisa kabla hazijaingia majini. Kwenye bwawa la samaki mimi sizitumii kabisa, kwa sababu shaba huwadhuru samaki hata ikiwa kidogo. Hapo natumia kiini cha mbanga, au zege.

Oili chafu ya gari, ambayo fundi yeyote atakushauri, hukaa juu juu tu, haiingii ndani ya kutosha kuilinda shingo, na masika inaelea kwenye jaruba lako ikienda kwa jirani. Kuchoma mguu wa nguzo kwa moto kunaacha mkaa juu ya mti uleule, tena mti umepasuka kwa joto. Na boraksi, ingawa ni dawa nzuri ya mbao za ndani ya nyumba, huoshwa na unyevu wa ardhi ikaisha.

Zege na chuma

Nguzo ya zege haina shingo ya kuoza, ila ina nondo, na nondo ikipata maji na hewa hupata kutu, kutu huvimba, zege hupasuka. Kwa hiyo siri yote ni kuificha nondo. Kwenye tope tengeneza nguzo ya sentimita 12 kwa 12, nondo nne za milimita 8, ringi kila sentimita 20, na zege inayofunika chuma isipungue sentimita 3 kila upande. Tumia vipande vidogo vya zege kuinua nondo ndani ya kalibu, usitumie mawe wala vijiti. Mchanganyiko ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto ndogo safi, na maji kidogo kadiri inavyowezekana, kwa sababu zege ya uji hukauka ikiwa na vitundu. Shindilia vizuri pembeni. Imwagilie na kuifunika kwa magunia siku 7 bila kuacha, na usiisimike kabla ya siku 28.

Nguzo moja ya mita 2.4 ya namna hiyo inakaribia kilo 80, na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa tatu, nne ukibana. Kubeba kilo 80 kwenye tope la magotini ni kazi ya watu watatu. Zifyatulie karibu na shamba.

Bomba na engo za chuma huliwa palepale shingoni kama mti. Ukielekea Uvinza kwenye chemchemi za maji ya chumvi, usijaribu kabisa.

Hatua ya nne: kuandaa

Bandua magome yote. Gome ni blanketi linalohifadhi unyevu na nyumba ya wadudu. Zipange kivulini juu ya magogo, zisiguse ardhi, na fito kati ya safu na safu ili upepo upite, miezi miwili au mitatu. Kichwa cha juu kikate mshazari ili mvua iteleze. Mguu wa nguzo isiyo na dawa chonga pembe nne, ncha iwe butu kidogo. Ncha kali kama ya mkuki huvunjika ikigusa jiwe.

Hatua ya tano: kusimika

Fanya kazi hii Septemba na Oktoba, maji yakiwa chini. Kwenye tope na udongo laini, kugongomea kunashinda kuchimba, kwa sababu shimo ulilochimba unalijaza na udongo uliolegea, wakati nguzo iliyogongwa inabanwa na udongo ambao haujaguswa. Fungua njia kwa mtarimbo, ingiza nguzo, mmoja aishike kwa kamba, wa pili apige kwa nyundo ya mti au gogo lenye vishikio. Nyundo ya chuma hupasua kichwa, na ufa huo utaingiza maji.

Penye mchanga kuna njia rahisi zaidi. Kama una pampu ya kumwagilia, funga bomba jembamba la chuma mwisho wa mpira, lishushe kando ya mguu wa nguzo na usukume maji. Mchanga unalegea na nguzo inashuka kwa uzito wake. Ukizima pampu, mchanga unakaa na kuibana. Itingishe kidogo, kisha iache usiku mzima kabla hujafunga kitu.

Kwenye mbuga nyeusi, ile inayovimba masika na kupasuka kiangazi, kama ya upande wa Tabora kuelekea Nzega na Igunga, nguzo husukumwa juu mwaka hadi mwaka. Pale chimba shimo, pigilia kipande cha mti mgumu msalaba kwenye mguu, kisha rudisha udongo kidogo kidogo ukishindilia kila sentimita 15.

Watu hupenda kumwagia zege mguu wa nguzo ya mti. Mti ukikauka husinyaa, unabaki mwanya kama kikombe, maji yanaingia na hayatoki. Ukilazimika, acha chini wazi na juu weka mwinuko unaotoa maji nje. Kokoto kuzunguka mguu zinasaidia pale tu maji yana pa kushukia. Penye maji yaliyosimama hazina faida.

Nafasi kati ya nguzo ni mita 3 pakavu, mita 2 hadi 2.5 kwenye tope.

Kona na mapito ya maji

Kona ndiyo hubeba mvuto wote wa seng'enge. Weka nguzo mbili nene zilizoachana mita 2, boriti ya kulala juu kati yake, na waya uliosokotwa kutoka chini ya nguzo ya kona hadi juu ya nguzo ya pili. Watu wengi huufunga kinyume, na ukifungwa kinyume hausaidii. Nguzo za kona ziingie kwenye udongo mgumu angalau mita 1.

Mahali ambapo mafuriko hupita, usikaze seng'enge kama kwingine. Matete na magogo yatanasa na kuvuta nguzo kumi kwa mpigo. Ning'iniza fito kwenye waya mmoja juu, zielee na kufunguka maji yakija. Na kama eneo lako lina viboko, elewa kwamba hakuna nguzo ya mkulima inayowazuia. Acha mapito yao nje ya mstari.

Kila mwaka, maji yakishuka

Mwezi wa sita au wa saba, fukua sentimita 15 kuzunguka kila nguzo ya sehemu ya kati na uchome shingo kwa bisibisi. Ikizama zaidi ya sentimita 1, nguzo hiyo ina msimu mmoja. Usiitupe. Chukua kipande cha kiini kigumu cha mita 1.5, kigongomee ardhini ukikigusanisha nayo, nusu chini nusu juu, na uzifunge pamoja kwa waya mzito mahali pawili, juu ya alama ya maji ya masika. Kisha kata ile shingo mbovu uitoe, ili kuvu isihamie kwenye mguu mpya.